Magige Ameniuliza Kama Aache Kuimba

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu, mziweke kwenye kitabu cha kikundi chenu cha ngoma. Nimekubali, ingawa shule niliishia darasa la tatu na mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga majivu. Sharti langu ni moja. Mnaposoma, toeni hizo waya masikioni. Siwezi kusema na mtu ambaye kichwani mwake kuna harusi nyingine inaendelea.

Mimi ni Bhoke, wa hapa Itiryo. Kazi yangu ilikuwa kuitikia. Najua mmeshaanza kucheka. Mnadhani kuitikia ni kusema "eee" mwimbaji akinyamaza, kazi ya yeyote mwenye mdomo. Ndiyo maana nyimbo zenu zinalia kama mbuzi waliofungiwa kwenye gari.

Aliyekuwa akiimba ni Magige wa Mbalibali, kule Serengeti. Anatunga mwenyewe na anapiga litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, tumbo lake gogo lililochongwa na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Yeye anaimba, mimi naitikia. Tumefanya hivyo kwenye harusi, kwenye minada ya ng'ombe, kwenye mikutano ya siasa ambako hatukujua mgombea ametoka wapi wala anataka nini, mpaka magoti yangu yalipokataa kupanda malori nikarudi shambani. Yeye hakurudi popote. Ana mvi mpaka kwenye nyusi na bado anaimba.

Sasa ametoa albamu mpya. Nitawaeleza kazi yangu kwa kupitia hiyo albamu, kwa sababu humo mimi simo, na pengo linaonekana.

Ilinifikia hivi. Bodaboda alitoka Tarime mjini akasimama uani kwangu, akanipa flashi iliyofungwa kwenye nailoni ya chumvi. Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema hakuna barua, kuna maneno ya mdomo, na ameonywa asiyapunguze.

"Haya, yaseme."

"Mzee Magige anasema hivi, bibi. Watoto wangu wanataka niache kuimba. Nimewaambia Bhoke ndiye anayejua. Sikiliza albamu yote, halafu useme kama niache. Ukisema niache, naacha, litungu nampa anayelitaka."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na amesema usisikilize ukiwa na njaa, utamwonea."

Nilimwambia huyo bodaboda aondoke kabla sijashika kitu cha kumrushia. Lakini mnaona mzigo niliotwishwa. Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kunisikiliza kwa lolote, hata nikimwambia mvua inakuja, leo ananipa kisu nimkate ulimi.

Kabla ya kusikiliza, ngoja niwaambie mwitikiaji anasikiliza nini, maana hamjui na hakuna wa kuwaambia.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja tukimwita Mama Nyangi, mwanamke mfupi, mkali, aliyeitikia waimbaji wawili mpaka wote wawili akawazika. Siku ya kwanza nilikwenda nimejipaka mafuta nikidhani nitasimama mbele za watu. Akanipeleka jikoni.

"Kaa hapa, menya ndizi, uliza," akasema.

"Niulize nini?"

"Wewe unadhani mwimbaji anayajua majina ya watu kutoka wapi? Mbinguni?"

Nikajifunza. Harusi ikianza, mwimbaji anakaa uwanjani anapewa kiti na kinywaji. Mwitikiaji anakwenda jikoni kwa wanawake. Huko ndiko unakojua wazee wa mji ule ni akina nani na kila mmoja ni wa kizazi gani. Unajua nani hasemi na nani kwa sababu ya shamba. Unajua nyumba gani ina msiba mbichi, na mama gani mwanawe ameondoka bila kuaga, ili jina lake lisitajwe mbele yake. Ukishajua, unarudi unakaa upande wa mkono wa kushoto wa mwimbaji na kumpa hayo yote ndani ya kuitikia kwenyewe, kwa sauti ya chini, watu wakidhani unaimba tu. Yeye anapiga nyuzi, anatikisa kichwa, beti inayofuata analitupa jina la mtu na la baba yake kama vile limemshukia. Watu wanashika vichwa. Jamani, Magige anamjua kila mtu! Magige hamjui mtu. Magige alikuwa hajui hata wanawe wako darasa la ngapi.

Jambo la pili ni pumzi. Usisikilize maneno, maneno yatakudanganya. Sikiliza pumzi. Ikiwa fupi, ingia mapema umfunike. Akisahau, zungusha kuitikia kwako mpaka akumbuke. Kewanja, kule kwenye dhahabu, tuliimba kwa vijana wa mashimoni, Magige akamwona mmoja anacheza amevaa kofia ngumu na shanga juu yake, akacheka ndani ya moyo na beti yote ikamtoka. Nilizungusha mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Tangu siku hiyo kila tulikokwenda wanaomba "ule wa kuitikia sana". Yeye akajisifu kwamba ameutunga hivyo makusudi. Na nyie ndio mnaowasifu watu kama hao.

Na msile mahindi ya kuchoma kabla ya kuimba. Wankuru, mwitikiaji mwenzangu, alikula kwenye harusi ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu pale Mugumu, mtu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Kipande kikakaa kooni. Badala ya kuitikia akawa anakohoa kwa mapigo, na Magige akafuata kikohozi. Huyo bwana harusi alitusumbua kwa jambo jingine pia. Nilikaa jikoni nikauliza kizazi chake, wanawake wakacheka, wakaniambia hawa hawana vizazi kama vyetu. Basi Magige akamwimba kwa jina la duka lake, na vitu vyote vilivyomo dukani, mpaka viberiti. Alifurahi kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwimba.

Sasa albamu.

Mjukuu wangu Rhobi ana saluni hapa senta. Alikuja na spika yake inayowaka taa kama baa, pamoja na rafiki yake Susi anayetokea Sirari, mpakani na Kenya. Mimi nilikuwa na ungo wangu, napepeta ulezi. Sikutaka mtu aseme kwamba nilikaa kitako kumsikiliza Magige kama naye ni taarifa ya habari.

Wimbo wa kwanza ukaanza na kishindo. Du, du, du, kama mtu anapigilia bati.

"Hiyo ndiyo biti, bibi," Rhobi akasema.

"Iambie isogee, mzee anataka kupita."

Litungu lilikuwa huko chini, kama mtu anayeita kutoka shimoni. Nikajua pia hakuiotesha ngozi moto. Ngozi ya litungu ikipata ubaridi inalegea. Unatakiwa kuliweka mbali kidogo na moto, ulizungushe polepole, mpaka ukigonga kwa kidole likujibu. Ukilikaribisha sana ngozi inapasuka na mnalala njaa. Magige amefanya hivyo kwa miaka, lakini wamempeleka kwenye chumba cha studio chenye feni, kimezibwa magodoro ukutani. Utaotea wapi moto kwenye magodoro?

Halafu akaimba. Sitawaficha, sauti imechakaa. Ile ilikuwa sauti ya kuvuka mto bila daraja. Sasa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Lakini tamu," Rhobi akasema.

"Nyamaza. Rudisha mwanzo."

"Umeupenda?"

"Nataka nihakikishe ulivyo mbaya."

Ukarudiwa. Ulikuwa mbaya vilevile, nikamwambia arudishe tena.

Susi akanyoosha mkono kwenye simu. "Manze shosho, huu umezidi kuwa mrefu, tuende next."

Nilimpiga kibao mkononi. Kwanza mimi ni bibi, si shosho, hapa si Kenya. Pili, ninyi ndio ugonjwa wenyewe. Mnasikiliza wimbo kama mtu anayeonja mboga sokoni, mnachovya kidole mnaondoka. Mtunzi amekaa na wimbo mpaka umemchosha mke wake, wewe unauruka kabla hajamaliza kusalimia. Halafu mnasema wazee hawana jipya. Mtajuaje?

Na waitikiaji wake! Ameokota mabinti watatu huko Mugumu. Wanaitikia kama wanafunzi wakimwona mkaguzi mlangoni. Shikamooo mwalimuuu. Sauti ni nzuri, sikatai, sauti safi kama vikombe vya dukani. Lakini mzee akikosa pumzi wanamwacha hapo hapo katikati ya mto, wanangoja zamu yao. Akicheka hawacheki. Rhobi akaniambia walirekodiwa siku nyingine, wakasikilizishwa sauti ya mzee kwenye kompyuta, na yeye mzee hakuwepo.

"Hawajaonana?"

"Si lazima waonane, bibi. Ndiyo teknolojia."

"Hata kuku anayetaga anataka kumwona jogoo."

Susi alicheka mpaka akakaa chini. Kidogo nikampenda.

Ndipo ukaja wimbo wa uzee. Huo ngoja niwaeleze vizuri. Biti ilinyamaza, nadhani umeme ulikatika au huyo kijana wa studio alipata akili. Litungu peke yake. Magige anasema miguu yake imeitwa kwenye mkutano na imekwenda bila yeye. Anasema meno yake ni wapangaji, wamehama mmoja mmoja, aliyebaki amegoma kutoka na usiku anapiga kelele. Anasema mke wake akimwita anajifanya hasikii, na sasa kweli hasikii, na mke anadhani anajifanya. Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka, kuku wakala ulezi wangu. Halafu, bila kubadilisha sauti, akaanza kuliambia litungu kwamba lisiogope, kwamba yeye hauzi ng'ombe kwa sababu tu amekauka maziwa, maadamu bado anageuza shingo akiitwa jina.

Rhobi alikuwa ameshika kitana hewani. Susi hakugusa simu.

Nilirudisha wimbo huo mara nyingi. Nilipika nausikiliza, nilifunga mbuzi nausikiliza. Na kila nilipousikiliza nilikasirika zaidi, maana mimi ndiye mtu mmoja duniani anayejua nyimbo zake zote, na najua kwamba huu ni bora kuliko zote tulizoimba pamoja. Ameutunga bila mimi. Hakuna kuitikia ndani yake hata kidogo. Mniambie ninyi wenye akili nyingi, mtu kama huyo unamwambiaje aendelee? Neno langu moja tu lingetosha. Acha. Bodaboda angelipeleka, na hakuna ambaye angejua kama limetoka kwenye masikio yangu au kwenye wivu wangu.

Wimbo uliofuata ndio ulioleta balaa.

Ni wimbo wa kuisifu Itiryo. Nilipoanza kusikia mabonde yetu nikakaa sawa. Anataja shule, anataja majosho, anataja watu. Akamtaja Mzee Wambura, jirani yangu, nyumba yake unaiona ukisimama kwenye choo changu. Akamsifia ng'ombe zake, akamsifia mdomo wake barazani, halafu akamtaja kwa kizazi chake. Akakosea. Akamtia kwenye kizazi cha watoto wake.

"Ayayaya!" nikapiga kelele, nikashika kichwa.

"Nini, bibi? Nyoka?"

"Amemshusha! Amemshusha mzee wa watu akawa sawa na watoto aliowazaa!"

"Si kosa dogo tu?"

Kosa dogo. Haya, kwa ninyi mnaosoma ambao mmezaliwa hospitali na mkalelewa na televisheni, na kwa wageni, nitaeleza. Kwetu Wakurya mtu anazaliwa ndani ya kizazi, kinatokana na kizazi cha baba yake, na hakuna anayejichagulia. Hicho ndicho kinachosema wewe umheshimu nani na umtanie nani. Wa kizazi chako unaweza kumtania mpaka umtaje tumbo. Wa kizazi cha baba yako unamwinamia. Mke wa mwanao hakutazami usoni, hakai ulipokaa, hacheki mbele yako. Sasa mwimbaji akikutangaza kwamba wewe ni wa kizazi cha wanao, amekufanya rika na mwanao. Mkeo amekuwa nini? Mkweo amekuwa nini kwako? Amebomoa nyumba nzima kwa neno moja. Na wale mabinti watatu wakalidaka neno hilo wakalirudia na kulirudia kwa furaha, kwa sauti zao za vikombe.

Angekuwepo mtu wa kukaa jikoni, neno hilo lisingetoka. Sisemi zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilisikia fimbo inagonga mlango wangu.

"Bhoke! Toka!"

"Habari za asubuhi, Wambura."

"Hazipo! Mtu wako amenifanya nini?"

"Si mtu wangu. Ingia unywe uji."

"Uji!" akasema. "Leo mke wa mwanangu ameniletea uji. Amenitazama, Bhoke. Usoni. Akajizuia kucheka, akashindwa, akakimbia na bakuli. Wajukuu wanapita na pikipiki wanaucheza huo wimbo. Mmoja ameniambia, mambo vipi, rika. Rika! Mimi!"

Nilitaka kucheka na nikaona huruma, vyote kwa pamoja. Alikuwa amevaa koti lake la barazani asubuhi ile yote, kama mtu anayekwenda kushtaki.

"Waufute," akasema.

"Haufutiki. Uko kwenye simu za watu mpaka Musoma."

"Basi alipe ng'ombe."

"Ng'ombe atasema nini? Atapita kwenye nyumba za watu akitangaza kizazi chako?"

Akachora chini kwa fimbo. Yeye ni mtu wa baraza, anajua haya mambo kuliko mimi. Mwishowe akasema, "Hapana. Ng'ombe wake simtaki. Nilichafuliwa kwa mdomo, na wenye masikio wakasikia. Anisafishe kwa mdomo uleule, na wenye masikio wasikie. Asiniletee mwingine. Na afanye kabla sijafa, maana sitazikwa nikiwa mtoto."

Alipoondoka tu, simu ikaita. Marwa, mtoto mkubwa wa Magige, anauza spea Mugumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Umesikia mambo ya Itiryo?"

"Nakaa Itiryo."

"Bibi, nakuomba. Mwambie aache. Amesema atakusikiliza wewe. Watu wanatucheka mpaka dukani. Na kifua kinambana, studio alianguka kwenye kiti, yule kijana alifikiri amekufa."

"Daktari alisemaje?"

"Apumzike."

"Apumzike au aache?"

"Apumzike. Lakini wewe unamjua mzee. Kwake hakuna kupumzika, kuna kuimba na kuacha."

Marwa si mtoto mbaya, msimchukie. Ndiye aliyekaa naye hospitali. Huyo alikua akimsikia baba yake kwenye redio za majirani kuliko nyumbani, na hata hivyo anamlisha. Akisema amechoka, amechoka kweli. Nilimwambia nakuja mwenyewe, neno kama hili halipiti kwa bodaboda.

Nilikwenda Mbalibali magoti yakilalamika njia nzima. Magige alikuwa amekaa juani karibu na zizi, blanketi begani, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa vibaya. Litungu lilikuwa limeegemezwa ukutani kando yake. Marwa alikuwa amekuja, amesimama na funguo za gari mkononi. Mke wa Magige akaniletea kiti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tangu jana halali. Anaogopa utakachosema."

"Na aogope," nikasema.

Magige akafungua jicho moja. "Umezeeka, Bhoke."

"Na wewe umeoza. Nani aliyekuambia uweke kishindo cha mabati kwenye litungu?"

"Vijana wanakipenda."

"Vijana wanapenda soda. Ngozi hukuiotesha moto."

"Kulikuwa na magodoro."

"Nilisikia. Na hao wasichana wako umewaokota wapi? Wanaitikia kama wanasoma tangazo la kliniki."

"Wewe ulikataa kuja."

"Hukuniita!"

"Nilijua utakataa."

Mnaona mtu huyo? Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimwendea wimbo kwa wimbo. Wa kwanza unasalimia watu wengi mno, utadhani anagombea udiwani. Wa pili ni wa zamani, ameugeuza nguo tu, mimi sidanganyiki. Wa mapenzi, mtu wa umri wake aone haya. Alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye wimbo wa uzee nikaruka.

"Umeruka mmoja," akasema.

"Najua."

"Huo ni mbaya zaidi?"

Marwa alikuwa ananitazama. Mke wa Magige alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nikaona kwamba wote wanne tunangoja mdomo wangu, hata mimi.

"Huo ndio wimbo bora uliowahi kuutunga," nikasema. "Na sijakusamehe."

Alivuta blanketi tu akajifunika mpaka kidevuni, kama mtu aliyepata baridi ghafla.

Marwa akakohoa. "Bibi, sasa si vizuri akaachia hapo? Akiwa juu?"

"Angeachia hapo kama angekuwa amenyamaza hapo. Lakini alikwenda akaimba Itiryo." Nikamgeukia Magige. "Unajua ulichomfanya Wambura?"

Hakujua. Kweli hakujua, hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilipomwambia kizazi alichomtia, mkono wake ukatoka kwenye blanketi ukashika mdomo.

"Nani aliniambia hivyo?"

"Hakuna aliyekuambia. Ndiyo shida yenyewe. Mkwe wake amemcheka usoni."

"Nitampelekea ng'ombe. Marwa, lile dume..."

"Amekataa ng'ombe. Anataka wimbo. Mdomo uleule, na asipelekewe mwingine. Na anasema ufanye kabla hajafa, na yeye si kijana."

"Siwezi, Bhoke. Kifua hakina kitu."

"Daktari amesema upumzike. Pumzika mpaka mavuno. Halafu uimbe."

Marwa akaweka funguo mfukoni. "Wimbo mmoja," akasema. "Wa kumsafisha mzee Wambura. Baada ya hapo anaacha. Tumekubaliana?"

"Kila atakapokosea atarekebisha," nikamwambia. "Na kwa waitikiaji alionao, mwanangu, atakosea mpaka siku ya mwisho."

Mama yake alicheka kwanza, mlangoni. Marwa alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Magige akanyoosha mkono. Hakuna aliyemsaidia. Alilivuta litungu mpaka kwenye goti, akagonga ngozi, ilikuwa imekaa juani ikamjibu. Vidole vilipapasa nyuzi za juu, vikatulia kwenye nyuzi za chini. Akanitazama pembeni.

"Utaitikia?"

"Imba kwanza tuone kama kuna cha kuitikia."

Akafumba macho. Akaanza na jina la Wambura, akalipandisha, akataja kizazi chake, sawasawa safari hii, halafu akatafuta neno la kufuata akalikosa, akatia neno la ovyo kuhusu pembe za ng'ombe kwa sababu tu linamalizika vizuri.

Nikamwambia hiyo beti ni mbovu, aanze upya. Akaanza upya.